Mwanamke Mmoja Pale Darajani

Katika Taasisi ya Utafiti wa Vita na Amani palikuwa na vyumba viwili vilivyotazamana, na katikati ukumbi mwembamba ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuvuka akiwa na ushahidi mkononi. Chumba cha kushoto kilikuwa cha wanukuzi, watu waliokaa kutwa na visikilizio masikioni, wakiandika neno kwa neno yale ambayo mashahidi wa vita walikuwa wameyasema mbele ya kinasa sauti. Chumba cha kulia kilikuwa cha watafiti, nao walisoma tu. Msikilizaji hakuchambua, na mchambuzi hakusikiliza. Sababu yake ilikuwa imeandikwa vizuri: sauti humlaghai mtu. Anayelia huaminiwa upesi kuliko anayesimulia kwa macho makavu, na mwenye ulimi mwepesi humfunika mwenye kigugumizi. Kwa hiyo mtafiti apewe karatasi isiyo na jina wala machozi, yenye namba tu, aipime kwa haki.

Aliyeutunga utaratibu huo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, msomi wa shahada ya uzamivu, ambaye usoni aliitwa Dokta na kisogoni aliitwa Rula. Jina hilo la pili alilijua, na kwa siri halikumchukiza. Kalamu zake zililala mezani zikielekea upande mmoja, majalada yake yalisimama kwa kufuatana namba, na kila mstari alioupiga chini ya neno aliupiga kwa rula, hata kama neno lenyewe lilikuwa ni "ndiyo".

Yeye huyo huyo ndiye aliyetunga kanuni ya alama tatu. Ushahidi ukijipinga katika siku, unapewa alama nyekundu. Ukijipinga katika mahali, alama ya pili. Msemaji akisimulia jambo ambalo hakuliona kwa macho yake, alama ya tatu. Wenye alama zote tatu unawekwa kando, hausomwi tena, na siku ripoti inapokabidhiwa, sauti yake inafutwa. Wasaidizi ndio waliotia alama. Kazi ya Rula ilikuwa kutia sahihi. Alizitia sahihi hizo akiwa na dhamiri safi, kwa kuwa aliamini kwamba haki kwa wafu huanza na usahihi kwa walio hai.

Ripoti iliyokuwa mbele yake mwaka ule ilihusu daraja moja la mpakani. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, katika wiki ya mwisho ya vita kati ya nchi mbili jirani, wakimbizi waliokuwa wakivuka mto walisimamishwa pale, na baadhi yao hawakufika ng'ambo. Sasa nchi hizo mbili zilikuwa zimeunda Tume ya Pamoja, na Tume ilitaka orodha ya waliokufa darajani, isomwe siku moja katika redio za nchi zote mbili. Orodha ingefungwa Ijumaa saa sita mchana. Mpaka Jumatatu ya wiki hiyo ilikuwa na majina arobaini na sita.

Jumatatu asubuhi mkurugenzi aliingia na barua, akabaki amesimama.

"Dokta, wakaguzi wametuandikia."

"Wanasemaje?"

"Wanasema tulihoji watu mia moja na kumi na wawili, na kumi na saba tumewaweka kando. Wanataka sababu ya kila mmoja."

"Sababu ni alama tatu. Imo kwenye kitabu cha mwongozo, ukurasa wa kumi na tisa."

"Ukurasa naujua, Dokta, nimeukariri. Wao wanataka tusome tena, si tutaje ukurasa."

Rula hakuwa mtu wa kubishana na barua yenye muhuri. Aliyatoa yale majalada kumi na saba kwenye kabati la chini, akayafuta vumbi moja baada ya jingine, akaanza. Sita ya kwanza aliyasoma kama mwalimu anayesahihisha mitihani ya darasa lisilo lake. La saba lilikuwa na namba themanini na tatu. Ushahidi huo ulikuwa umechukuliwa miaka minne nyuma, na ulianza hivi:

"Tuseme hivi. Palikuwa na mwanamke mmoja pale darajani. Si mimi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alikuwa na binti wawili na kijana mkubwa wa miaka kumi na tisa. Ilikuwa Jumanne."

Ukurasa wa pili Jumanne ilikuwa imegeuka Alhamisi, na mwanamke aliyekuwa mbele ya msimulizi sasa alikuwa nyuma yake. Msaidizi alikuwa ametia alama zake pembeni, nyekundu, nadhifu. Rula aliafiki moyoni. Akaendelea.

"Yule kijana alikuwa fundi wa redio. Askari walikuwa wakiwatafuta mafundi wa redio, wakisema ndio wanaopeleka habari ng'ambo. Na ukikutwa naye mmoja, jamaa zake wote wanasimamishwa pamoja naye ukutani. Kijana alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni, yule wa miaka mitatu. Kabla hawajafika kwenye kizuizi akamfungua, akampa mama yake, akarudi nyuma hatua kadhaa kama mtu aliye peke yake. Wakampekua. Wakamkuta na waya mfukoni. Askari akamwuliza yule mwanamke, huyu ni wako? (Kimya, sekunde kumi na moja.) Yule mwanamke akamtazama kijana. Kijana akatikisa kichwa, hivi, kidogo tu. Mwanamke akasema, simjui. Binti yake mkubwa alitaka kuita, akamfinya bega mpaka akanyamaza. Wakavuka. Walipofika katikati ya daraja nilisikia, yule mwanamke alisikia, mlio."

Mkono wa Rula ulikwenda wenyewe kwenye bega la kushoto.

Daraja lile alikuwa amelivuka akiwa na umri wa miaka saba, na katika yote yaliyotokea siku ile alichobaki nacho ni kufinywa. Hakukumbuka mto wala askari. Alikumbuka kucha za mama yake zikizama begani, na maumivu ambayo hata baada ya siku tatu yalikuwa yameacha doa la zambarau. Alipokuwa mkubwa alimwuliza mama yake kwa nini, akajibiwa, "Ulikuwa unalia, mwanangu, na mimi nilikuwa nimechoka." Kuhusu kaka yao, ambaye kila mtu alimwita Antena kwa urefu wake na kwa mapenzi yake ya redio, mama alisema alitangulia kwa lori siku moja kabla, wakapoteana, siku moja atawatafuta. Na kila walipohama nyumba, na walihama mara tisa, mama alipita kwa majirani akiwaachia anwani mpya: akija kijana mrefu akiuliza, mwelekezeni huku. Miaka ilipopita akaanza kusema, akija mtu mzima mrefu.

Rula alifunua ukurasa wa mwisho. Mhoji alikuwa ameuliza kama msimulizi ana la kuongeza.

"Sina. Ila jina langu lisiandikwe, wala la yule kijana. Nina binti wawili. Mmoja amesoma sana, anafanya kazi kama hizi zenu. Asije akajua. Akijua atataka kuandika."

Chini yake palikuwa na sahihi ya kuuweka ushahidi kando. Ilikuwa ni yake Rula, imepigiwa mstari kwa rula.

Alilifunga jalada. Kisha akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya tangu ukumbi ule upakwe rangi: alichukua jalada mkononi, akauvuka.

Mnukuzi mkuu alikuwa mzee wa miaka sitini kasoro, mcheshi, aliyebakiza miezi michache kustaafu. Jina lake la kazini lilikuwa Masikio. Alimwona akiingia, akashusha visikilizio shingoni.

"Alaa! Dokta umevuka mpaka bila pasipoti? Niite polisi?"

"Nataka kuisikia themanini na tatu."

Tabasamu la mzee lilififia. Alitazama jalada, akamtazama aliyelishika, akainuka kufunga mlango.

"Uliinukuu wewe?" Rula aliuliza.

"Mimi."

"Ulijua?"

Masikio alivua miwani, akaipangusa kwa shati bila haja yoyote. "Dokta, nimekaa na sauti za watu miaka ishirini na miwili. Yule mama, kabla ya kusema neno zito, husema 'tuseme hivi'. Na wewe kwenye kila kikao, kabla hujatukaripia, unaanza, 'tuseme hivi'. Na pumzi mnaivuta sawasawa."

"Na hukuniambia. Miaka minne!"

"Ningekuambiaje? Si wewe uliyetuandikia kwamba mnukuzi asitoe neno nje ya chumba? Mimi ni masikio tu, Dokta. Mdomo niliukabidhi pale mapokezi siku ya kwanza, na stakabadhi sikupewa."

Ulikuwa mzaha wake wa siku zote. Mara hii hakuna aliyecheka, hata mwenyewe.

Alimvalisha visikilizio kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemvalisha mtoto kofia. Sauti ya mama ilikuwa ile ya miaka minne nyuma, bado ina nguvu, bado inajua inakokwenda. Kikombe kiligonga sahani. Mtu alikohoa. Maneno yalikuwa yale yale ya kwenye karatasi, kila moja mahali pake. Masikio alikuwa hakuacha hata kiitikio. Isipokuwa kimya. Kwenye karatasi kilikuwa maneno matano ndani ya mabano. Masikioni kilikuwa kirefu mno, na ndani yake mama alikuwa akipumua kama mtu anayepanda ngazi, na Rula, aliyekwisha kujua mwisho wake, alijikuta akimwombea kwamba asiseme. Mama akasema, "Simjui." Akalisema kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama vile askari bado yuko pale anasubiri.

"Nikuletee maji?" Masikio aliuliza.

"Hapana. Asante, mzee wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Jambo lenyewe, alipolipanga kichwani kwa mazoea ya kazi, lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Jina la mtu halikuingia katika orodha ya Tume mpaka awepo shahidi aliyemwona darajani. Miaka sita nyuma mdogo wake Rula alikuwa amejaza fomu ya kumtafuta Antena, na Tume ilijibu kwa mistari miwili: hakuna ushahidi kwamba alifika darajani. Ushahidi ulikuwepo, tena mmoja tu duniani, na mwenyewe alikuwa amekataza usitumiwe kwa jina. Ruhusa ya kubadili neno hilo ingetoka kwake peke yake, naye awe na akili timamu. Na akili ya mama, tangu mwaka juzi, ilikuwa inakuja na kwenda kama umeme wa mgao.

Jumanne alasiri alikwenda nyumbani kwa mama. Mama aliishi na binti yake mdogo, mshonaji wa sare za shule, ambaye hata akiwa na miaka thelathini na minne bado aliitwa Kitinda kwa kuwa alikuwa kitindamimba. Cherehani yake ilikaa sebuleni mkabala na dirisha, na pande zote zilirundikwa sketi za buluu ambazo hazijatiwa pindo.

"Makubwa! Dada yangu kazini ametoroka?" Kitinda alisema bila kuondoa mguu kwenye kanyagio. "Kaa, lakini usinipangie vitambaa. Mara ya mwisho ulinipangia, nikatafuta mikono ya mashati siku mbili."

"Sipangi. Mama anaendeleaje?"

"Leo hajambo. Asubuhi aliniita kwa jina langu mara mbili, mara ya tatu akaniuliza mshahara wangu ni kiasi gani, maana nafanya kazi vizuri." Alicheka, kisha akakata uzi kwa meno. "Dada, Ijumaa ndiyo wanafunga ile orodha. Redioni wamesema."

"Ndiyo."

"Kuna lolote la Antena?"

"Bado nasoma."

"Wewe na kusoma kwako!" Alisema bila ubaya. "Mimi mwenzako sina hata sura yake. Wewe angalau ulimwona, kukumbuka hukumbuki, lakini ulimwona. Mimi nataka tu mahali pamoja palipoandikwa kwamba aliwahi kuwapo. Hata iwe mstari mmoja. Nitaukata nitauweka kwenye fremu, kisha nitatulia."

Rula akaenda chumbani.

Mama alikuwa ameketi kitandani na sinia la vifungo mapajani. Kitinda alimpa vifungo hivyo kila siku avichambue, ili mikono isihangaike. Alivitenga vikubwa na vikubwa, vidogo na vidogo, vyenye matundu mawili mbali na vyenye manne. Akimaliza anavichanganya, anaanza upya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu, mwalimu. Leo umekuja na ile mashine yako?"

Rula alielewa kwamba amedhaniwa kuwa mhoji wa miaka minne nyuma. Angeweza kumsahihisha. Maisha yake yote alikuwa hajaliacha kosa likapita bila kulisahihisha.

"Leo sina mashine," alisema.

"Afadhali. Ile mashine haipepesi macho."

Wakachambua vifungo pamoja kwa muda. Vidole vyao vilifanana, na vilikwenda kwa mwendo mmoja.

"Nimekuja kuomba ruhusa, Mama. Lile neno la darajani. Naomba jina la yule kijana liandikwe, ili lisomwe na mengine."

"Kijana gani?"

"Antena."

Uso wa mama ulifunguka wote. "Antena yuko juu ya paa, anafunga waya. Tangu asubuhi! Ukitoka hapo mwambie ashuke, jua litamuua." Akacheka kwa kutikisa kichwa. "Mtoto yule hali mpaka umshikie fimbo."

"Nitamwambia."

"Mwambie."

Rula aliinamisha kichwa juu ya sinia, akachagua kifungo ambacho hakukiona. Alikuwa ameshaanza kuinuka wakati mkono wa mama ulipomkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo hakuijua kwamba ingalipo. Mama alikuwa akitazama mlangoni, upande ilipolia cherehani.

"Wale wasichana wangu usiwaambie."

"Kwa nini, Mama?"

"Watanichukia."

"Hawatakuchukia."

"Wewe unawajua?"

"Nawajua kidogo."

"Huwajui. Yule mkubwa ataandika, atanyamaza. Lakini yule mdogo..." Sauti ilishuka. "Yule alikuwa analala mgongoni kwake. Hakulala kwangu. Akiambiwa mimi ndiye niliyesema vile, nitakufa mara ya pili. Niahidi, mwalimu."

"Nakuahidi."

Mkono ukalegea, ukarudi kwenye vifungo. Dakika moja baadaye mama alimwuliza kama ameshakula, na kama ameolewa.

Jumatano Rula alikwenda ofisini kwa mkurugenzi kabla hata hajafungua kabati lake.

"Tuseme hivi," alianza, akasita, kwa kuwa alijisikia akilisema neno la mama. "Mmoja kati ya mashahidi wale kumi na saba ni jamaa yangu. Sitasema ni yupi. Kwa hiyo mimi siwezi kuamua juu ya hata mmoja wao. Naomba wewe na mwenzetu wa chumba cha takwimu mwasome wote. Lakini kabla hamjasoma, naomba mjue kwamba kanuni yangu ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Mtu anayesimulia aibu yake haisemi moja kwa moja. Husema palikuwa na mwanamke mmoja, palikuwa na jirani yangu. Akishajitoa yeye, inabidi aihamishe na siku, aihamishe na upande wa daraja, asije akatambulika. Hizo ndizo alama zetu tatu. Tulikuwa tunawatupa wale wale walioona kwa karibu zaidi."

Mkurugenzi alivuta kiti, akakaa. "Dokta, kitabu chako cha mwongozo kinatumiwa na taasisi tisa, katika nchi sita."

"Basi tuandike barua tisa. Nitaziandika mimi."

Walisoma siku mbili, wawili hao, milango ikiwa imefungwa. Kati ya kumi na saba waliwarudisha kumi na mmoja. Sita walibaki nje, na mmoja wao, kwa kweli, alikuwa amesimulia mambo ya daraja jingine kabisa. Kutokana na wale kumi na mmoja walipatikana watu tisa zaidi waliokufa, wote bila majina, kwa kuwa wasimulizi wao hawakutaja au hawakukubali yatajwe. Tume ilikubali wasomwe kwa maelezo.

Maelezo ya wanane yaliandikwa na mwenzao wa takwimu. Karatasi ya wa tisa mkurugenzi aliileta mwenyewe mezani kwa Rula Ijumaa asubuhi, ikiwa tupu, yenye namba themanini na tatu juu, akaiweka, akaondoka. Pengine alikisia. Pengine alikuwa amechoka tu. Rula aliandika: kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu. Akafuta. Akaona kwamba vijana warefu ni wengi, na kwamba kuandika hivyo ni sawa na kutoandika. Akaandika tena, akaongeza jambo moja, akalifuta, akalirudisha. Saa sita kasoro robo karatasi iliondoka.

Masikio alikutana naye ukumbini, katikati kabisa.

"Zile sita nazifuta leo," alisema. "Zile kumi na moja zinafungwa kabatini miaka thelathini, kwa utaratibu. Ikitokea mtu akataka kusikiliza mojawapo kabla sijaondoka, mimi kila siku saa saba nakwenda kula, na funguo huwa nazisahau mezani. Uzee huu."

"Hapana, mzee wangu. Alimwambia mhoji. Hakuniambia mimi."

Jioni, jua likiwa bado halijazama, Rula alikuwa sebuleni kwa Kitinda akishikilia upande mmoja wa kitambaa wakati mwenzake akikata upande wa pili. Redio ilikuwa juu ya kabati. Majina arobaini na sita yalisomwa na sauti mbili kwa kupokezana, moja ya kila nchi. Kitinda aliacha mkasi, akasikiliza yote kichwa kimeinama. Lilipopita la mwisho akavuta pumzi.

"Basi," alisema. "Hayumo."

Redio ilikuwa bado inaendelea: na hawa tisa, ambao majina yao hayakupatikana. Mwanamke mjamzito aliyevaa koti la kiume. Mzee kipofu na aliyekuwa akimwongoza. Maelezo yalisomwa polepole, kila mtu akiachiwa nafasi yake. Ya mwisho yalikuwa haya: kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, aliyekuwa na waya mfukoni, kabla ya kusimamishwa aliwapisha wengine wavuke.

Kitinda aliinua uso.

"Waya mfukoni," alisema. Kisha, taratibu, kama anayegusa kitu cha moto, "Dada. Si wewe uliyeandika haya?"

"Tumeandika wengi."

"Huyu wa mwisho. Unamjua?"

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama kizingitini na sinia la vifungo mkononi, labda ameitwa na sauti za redio, labda na kitu kingine. Alikuwa anamtazama binti yake mkubwa moja kwa moja, kwa macho ambayo yangeweza kuwa yanaona na yangeweza kuwa hayaoni. Akatikisa kichwa. Kidogo tu.

Rula aliisikia pumzi yake mwenyewe ikipanda. Alikuwa ameshikilia kitambaa kwa mikono miwili na hakukumbuka namna ya kukiachia.

"Simjui," alisema.

Kitinda aliendelea kumtazama muda mrefu, halafu akayashusha macho, akautafuta mkasi chini ya vitambaa. "Maskini," alisema. "Naye alikuwa na watu wake."

"Alikuwa nao."

Mama aligeuka, akarudi ndani. Vifungo vikaanza tena kulia kwenye sinia, kimoja kimoja. Kitinda alikata sentimita chache, akakosea mstari, akaacha. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, yanadondokea kitambaa cha mteja, naye anayafuta kwa kiganja ili yasiache doa.

"Kitinda."

"Niache tu, Dada. Yatakwisha."

"Kuna jambo nimelikumbuka juzi. Antena alikuwa anakubeba mgongoni."

Mkasi ulisimama. "Mimi?"

"Wewe. Hukulala kwa Mama, ulilala kwake tu. Alikuwa akitengeneza redio za watu wewe ukiwa umefungwa mgongoni, kichwa kimening'inia huku."

"Umelikumbuka wapi? Siku zote husemi kwamba hukumbuki kitu?"

"Limenijia."

Kitinda alifikiri. Akapeleka mkono nyuma ya shingo yake, akaupitisha begani, kana kwamba alama ya kufungwa ingeweza kuwa ingalipo.

"Nilikuwa mzito?"

"Kama gunia," alisema Rula, na hapo ndipo naye sauti yake ilipokatika.